Wafugaji wa Mdudu wa Milia

Katikati ya shamba lililopauka kwa ugonjwa wa milia, mche mmoja wa mahindi umesimama kijani. Wenzake wamedumaa. Majani yao yamechorwa mistari myembamba ya manjano iliyofifia, na miche iliyobahatika kuzaa imebeba vibunzi visivyojaa kiganja. Mpita njia akiuona mche ule mzima atasema, hapa pana mbegu. Mtafiti wa mbegu anayeijua kazi yake hatasema hivyo bado. Atauliza kwanza: mche huu umeushinda ugonjwa, au ugonjwa haukuufikia?

Swali hilo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Virusi vya milia haviji kwa upepo, wala kwa mvua, wala ndani ya mbegu. Huletwa na mdudu anayetua anapotaka na kuondoka anapotaka. Mche aliourukia utaugua usipokuwa na kinga. Mche aliouruka utabaki mzima hata kama hauna kinga yoyote. Ukichuma mbegu kwenye mche wa namna hiyo umechuma bahati, na bahati hairithiwi. Ndiyo maana watu waliotupatia mahindi yenye ukinzani wa milia walianza na kazi ambayo mtu hangeitarajia: walijifunza kumfuga adui. Walimjengea vizimba, wakamlisha, wakawatunza watoto wake, kisha wakampeleka shambani kwa mikono yao, mche kwa mche, ili usibaki hata mmoja ambao haujajaribiwa.

Kazi huanzia kwenye jani. Mche ulioambukizwa hauonyeshi kitu kwa siku tatu au zaidi. Kisha, kwenye jani changa linalochomoza moyoni mwa mche, hutokea vidoa vya mviringo, vidogo sana, vyeupevyeupe. Siku chache baadaye vidoa hurefuka kwa kufuata mishipa ya jani, vikaungana, vikawa milia. Majani yaliyokwisha kufunguka kabla ya maambukizi hubaki kijani. Dalili huonekana kwenye majani yanayozaliwa baadaye tu. Kwa hiyo jicho lililozoea linaweza kuusoma mche kuanzia chini kwenda juu na kukisia ulishambuliwa ukiwa na umri gani. Umri huo una uzito mkubwa. Mche ulioambukizwa katika wiki za mwanzo unaweza usizae kabisa, ilhali ulioambukizwa baada ya wiki nane hivi huponyoka na hasara ndogo. Anayelinganisha mbegu mbili lazima ahakikishe zimeambukizwa wakati mmoja, la sivyo atakuwa analinganisha tarehe.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa maandishi na Claude Fuller huko Natal, Afrika Kusini, mwaka 1901. Aliyemtambua mpitishaji ni Harold Haydon Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyefanya kazi hukohuko. Mwaka 1925 alichapisha ushahidi kwamba milia huenezwa na mdudu wa urefu wa milimita tatu hivi, anayefyonza utomvu wa majani na kuruka pindi mmea unapoguswa. Leo wataalamu humwita Cicadulina mbila. Mwaka 1928 Storey alihamia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, katika kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kufufuliwa na Waingereza kwa utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki. Huko ndiko mikono yake ilikofikia ubingwa ambao bado unanistaajabisha.

Alikuwa ameona jambo la kutatiza. Wadudu wawili wenye sura moja, waliolishwa jani moja lenye ugonjwa, wangeweza kutofautiana: mmoja akapitisha virusi, mwingine asiweze maisha yake yote. Ili kujua kama tofauti hiyo ni ya kuzaliwa nayo, ilimbidi awe mzalishaji wa wadudu. Alikutanisha dume na jike, akawalea watoto wao, kisha akamjaribu kila mtoto peke yake. Kumjaribu maana yake ni kumweka kwenye mche mgonjwa afyonze, kumhamishia kwenye mche mzima, kungoja siku zipite, na kuutazama mche huo jani kwa jani. Mdudu mmoja, mche mmoja, jibu moja. Kwa kurudia hatua hizo kizazi baada ya kizazi alitenga koo mbili, ukoo unaopitisha na ukoo usiopitisha, halafu akazichanganya. Dume mpitishaji alipokutanishwa na jike asiyepitisha, mabinti waliurithi uwezo huo na wana wa kiume hawakuurithi. Mwaka 1932 alichapisha matokeo: uwezo wa mdudu kupitisha virusi vya mmea ni jambo la kurithi, na hufuata jinsia.

Kisha akaushika mwiba mdogo zaidi. Alitaka kujua kizuizi kiko wapi ndani ya mwili wa mdudu asiyepitisha. Alimchukua mdudu huyo wa milimita tatu, akamtoboa tumbo kwa sindano nyembamba mno mpaka ukuta wa utumbo ukapenywa, akamrudisha kwenye mmea akiwa hai. Wadudu ambao ukoo wao haukuwahi kupitisha ugonjwa sasa waliweza kuupitisha. Kumbe virusi vilikuwa vikifika utumboni mwao vilevile kama kwa wapitishaji. Kilichovizuia kuingia mwilini ni ukuta wa utumbo. Maelezo hayo aliyachapisha mwaka 1933. Hebu ufikirie mkono uliofanya kazi ile. Ukikaza kidogo tu kupita kiasi, mdudu anakufa. Ukilegeza, ukuta hautobolewi. Wala kosa halijulikani papo hapo. Hujulikana siku nyingi baadaye, kwenye jani la mche uliokuwa ukisubiriwa. Ni mtu mwenye subira tu anayeweza kujifunza ufundi ambao majibu yake huchelewa namna hiyo.

Kutoka kwenye meza ya mtu mmoja hadi shamba la maelfu ya miche kuna hatua nyingi, na hatua hizo zilinolewa sana Ibadan, Nigeria, katika Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, kuanzia miaka ya 1970. Tuzifuate kwa mpangilio wake.

Kwanza ni kizimba. Ni fremu iliyofunikwa kwa wavu wenye matundu madogo, ili hewa ipite na mdudu asipite. Ndani yake huwekwa vyungu vya miche michanga ya uwele, chakula ambacho wadudu hawa hustawi juu yake. Majike hutaga mayai ndani ya nyama ya jani, ambako jicho tupu halioni kitu. Mayai yakianguliwa hutoka tunutu wasio na mbawa, nao hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa. Mfugaji huwatenga kwa rika, ili siku ya kazi awe na wadudu wengi wenye umri unaolingana. Uwele unaponyauka huleta vyungu vipya. Huwinda buibui na sisimizi waliojipenyeza. Hukagua joto na mwanga. Kizimba kikisahauliwa kwa siku chache, jeshi zima hufa, na msimu wa majaribio hupita mtupu.

Jamii hii ya wadudu hulelewa ikiwa safi. Virusi vya milia havipiti kutoka kwa mama kwenda kwenye yai, kwa hiyo tunutu aliyeanguliwa kwenye mmea mzima hana ugonjwa. Lakini usafi peke yake hautoshi. Somo la Amani linasema kwamba wengi wa wadudu hawa huenda wasiwe wapitishaji kwa asili. Anayefuga kwa ajili ya kazi hii hana budi kuchagua koo zinazopitisha, kwa njia ileile ya mdudu mmoja kwa mche mmoja, kabla ya kuziachia ziongezeke. Hapo ndipo urithi unaposhughulikiwa pande zote mbili: wadudu huchaguliwa kwa uwezo wao wa kuambukiza, ili mahindi yapate kuchaguliwa kwa uwezo wao wa kukinza.

Hatua ya pili ni kuwapakia virusi. Wadudu waliokomaa huhamishiwa kwenye kizimba kingine chenye mahindi yaliyojaa milia, na huachwa humo siku mbili hivi. Mdudu mpitishaji anaweza kuvipata virusi kwa muda mfupi sana wa kufyonza. Siku hizo mbili ni za yule mzito, yule aliyechelewa kutua, yule aliyekaa kwenye jani lisilo na ugonjwa mwingi. Zikiisha, karibu kila mpitishaji amebeba mzigo wake, na ataubeba mpaka kufa.

Hatua ya tatu hufanyika shambani, miche ikiwa na wiki moja hivi tangu kuota. Wadudu hukusanywa kwa mrija wa kuvutia hewa, wenye kitambaa chepesi ndani kuwazuia wasifike mdomoni mwa mvutaji. Pumzi inapaswa kuwa fupi na ya kiasi. Ikiwa kali, mdudu hujigonga na kuvunjika. Kisha hupulizwa hewa ya kaboni dioksidi, wakazirai kwa muda. Katika muda huo mfupi fundi hutembea kwenye mstari akiwa ameinama, akidondosha wadudu watatu hivi ndani ya moyo wa kila mche, pale majani machanga yanapokutana na kufanya kikombe. Hukung'uta kidogo, husogea, hukung'uta tena. Nyuma yake wadudu huamka mmoja mmoja na kuanza kufyonza. Mwendo huo wanikumbusha muuza nafaka mwaminifu anayepitisha ubao juu ya pishi, ili kila mnunuzi apate kipimo kilekile. Kinachogawiwa hapa ni ugonjwa, na uadilifu wa kugawa ndio msingi wa yote yatakayofuata.

Kila baada ya mistari kadhaa hupandwa mstari wa mbegu inayojulikana kuwa dhaifu. Huo ndio shahidi. Ukiugua wote, mche kwa mche, kazi imefanyika sawasawa na miche mizima iliyo jirani inaweza kuaminiwa. Ukionekana na mapengo ya kijani, fundi anajua kwamba mahali fulani alikosea, na hakuna hesabu ya kitaalamu itakayoliokoa jaribio hilo. Watafiti wa Ibadan, miongoni mwao P. E. Soto na I. W. Buddenhagen, walipochapisha kazi yao mwaka 1982, mkazo wao ulikuwa hapo hasa: mahindi yenye ukinzani yalipatikana kwa kuboresha namna ya kuyashambulia na namna ya kuyachagua.

Baada ya hapo ni kungoja, kisha kusoma. Msomaji hupita na daftari akitoa alama kwa kila mche, aghalabu kuanzia 1 hadi 5. Alama ya 1 ni mche usio na milia au wenye vidoa vichache mno. Ya 5 ni mche uliopauka na kudumaa. Miisho hii miwili hata mtoto anaweza kuitambua. Ustadi uko katikati, kati ya 2 na 3, ambapo milia ipo lakini imekatikakatika, na kijani bado kimeshika sehemu kubwa ya jani. Msomaji mzuri hutazama majani mapya zaidi, kwa sababu yapo mahindi yanayoanza vibaya kisha yakajikwamua, majani ya juu yakitoka safi kuliko ya chini. Huyapitia mashamba yaleyale tena baada ya wiki kadhaa kabla ya kutoa hukumu. Mara chache ukinzani wa milia huwa ukuta usiopitika. Mara nyingi ni uwezo wa mmea kuvibana virusi visienee, mpaka hindi lijae.

Miche iliyopata alama nzuri huvikwa alama ya utepe, na sasa huanza ufundi wa kuoanisha. Mahindi hubeba ua dume juu, kwenye mbelewele, na ua jike ubavuni, kwenye kikonyo kinachotoa nywele. Upepo huvichanganya bila kuuliza. Fundi humtangulia upepo. Kila asubuhi hupita akikagua vikonyo, na kabla unywele wa kwanza haujachungulia, hukifunika kikonyo kwa mfuko mdogo wa karatasi. Akichelewa siku moja tu, chavua ya kigeni imeshaingia. Mbelewele unapokuwa tayari huvikwa mfuko mkubwa, ukafungwa shingoni. Kesho yake asubuhi, umande ukishakauka, fundi huuinamisha mbelewele na kuukung'uta, na vumbi la manjano hukusanyika chini ya mfuko. Hufunua nywele za mche aliokusudia, humwagia chavua, hufunika tena upesi, na huandika juu ya mfuko mama ni nani, baba ni nani, na tarehe. Maandishi hayo ni sehemu ya ufundi kama ulivyo mkono wenyewe. Hindi lisilo na jina la wazazi wake ni chakula tu.

Kwa njia hii Storey, ambaye kituo chake kilikuwa kimehamia Muguga, Kenya, alilirudia jambo lililomshughulisha tangu ujana. Pamoja na A. K. Howland alioanisha mahindi dhaifu na mahindi yenye ukinzani uliotoka kwenye aina ya Afrika Kusini iitwayo Arkells Hickory, kisha wakafuatilia watoto na wajukuu. Mwaka 1967 walichapisha walichokiona: ukinzani ule ulitawaliwa na jeni moja kubwa, ikisaidiwa na nyingine ndogo. Jeni ile haikufunika kabisa wala haikufunikwa kabisa. Mche ulioirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu uliugua kwa kiasi cha kati. Kwa hiyo miche ya wajukuu ilijigawa: robo imara, nusu ya kati, robo dhaifu. Kati ya chapisho la mdudu na chapisho la urithi wa mahindi ilikuwa imepita miaka 42. Storey alifariki mwaka 1969.

Hiyo hali ya katikati ni zawadi kwa mtafiti wa mbegu. Mkulima hapendi kuacha mahindi aliyoyazoea, yanayokomaa kwa wakati wake na yenye unga anaoupenda. Kwa hiyo ukinzani huingizwa ndani ya aina ileile kwa kuirudia: mtoto mwenye ukinzani huoanishwa tena na mzazi anayependwa na mkulima. Kizazi cha kwanza kina nusu ya mzazi huyo, cha pili robo tatu, cha tatu asilimia 87.5. Katika kila kizazi wadudu huletwa tena, alama hutolewa tena, na miche dhaifu huondolewa. Kwa kuwa mche wenye nakala moja ya jeni unaonekana kwa alama zake za kati, mtafiti haubahatishi. Hata hivyo kila mzunguko unadai msimu mzima, na msimu wa mahindi hauharakishwi kwa amri.

Ibadan ilipata hazina zake mahali tofauti: kwenye mahindi ya manjano yaliyoitwa TZ-Y, ambamo ulitoka ukoo wa IB32, na kwenye aina ya kisiwa cha Réunion iitwayo La Revolution. Harare nako CIMMYT, Kituo cha Kimataifa cha Uboreshaji wa Mahindi na Ngano, ilifuga wadudu wake, na miongoni mwa koo za taasisi hiyo, CML202 ilikuja kuonekana imebeba sehemu yenye nguvu ya ukinzani kwenye kromosomu ya kwanza. Tanzania matunda ya juhudi za aina hii yalifika kwenye mifuko ya mbegu kwa majina yanayojulikana: Staha, TMV-1, na zile zenye herufi ST mwishoni, kama Kilima-ST na Kito-ST, kuonyesha kwamba aina ya zamani imeongezewa ustahimilivu wa milia.

Nidhamu hiyohiyo ilihitajika tena mwaka 2011, ugonjwa mwingine, ule unaokausha mahindi yakingali machanga, ulipozuka Bomet, Kenya. Huo huletwa na virusi viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja, vikibebwa na wadudu tofauti. Huko Naivasha kilianzishwa kituo cha kujaribia mbegu mwaka 2013. Virusi vya ugonjwa huo vinakubali kupitishwa kwa maji ya majani yaliyosagwa, yakachanganywa na unga wa kukwaruza na kunyunyiziwa kwa nguvu, jambo ambalo virusi vya milia havikubali. Zana zimebadilika, swali halijabadilika. Kila mche lazima uguswe, na kila alama lazima isomwe na mtu anayejua anachokitazama.

Mkulima anayepanda mbegu yenye ukinzani hanunui dawa ya kumuua mdudu, hapigi bomba, wala hahitaji kuijua hadithi hii. Ulinzi wake umo ndani ya punje. Lakini ulinzi huo hauhami wenyewe kwenda kwenye aina mpya. Kila mbegu mpya, hata iwe na mavuno makubwa namna gani, huzaliwa ikiwa haina uhakika wa kinga hiyo mpaka mtu aipandikize na kuijaribu. Vipimo vya jeni leo vinapunguza miche ya kujaribiwa, ila jibu la mwisho bado hutolewa na mdudu aliyepakiwa virusi na mche uliopewa kipimo chake. Kwa hiyo taasisi inayopanga bajeti ya mbegu na kuona vizimba vya wadudu ni gharama ya pembeni inakata mti kwenye shina. Fundi wa vizimba aajiriwe kwa ajira ya kudumu, akae na mwanafunzi wake misimu ya kutosha, na jina lake liandikwe kwenye ripoti pamoja na majina ya watafiti. Mbegu hurithi jeni kutoka kwa wazazi wake. Kumtambua mzazi aliyestahili, katika shamba lenye bahati nyingi za uongo, ni kazi inayorithishwa na binadamu pekee.